Sura ya Saba: Mita Tatu na Sentimita Kumi na Mbili

Msimu wa wageni ulikuwa umekwisha, na kambi ya magari-nyumba ilikuwa imebaki kama darasa wakati wa likizo. Nafasi arobaini za kuegesha, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe, na magari mawili tu. Gari la nafasi ya kumi na moja lilikuwa la marehemu. La kumi na mbili lilikuwa la mama mmoja, mkunga mstaafu, aliyeandikisha kwenye kituo cha polisi kwamba yeye na marehemu walijuana kwa salamu tu.

Inspekta alifika saa nne asubuhi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye viatu vya raba na subira ya fundi cherehani. Alikuwa na muda wa saa tano tu. Saa tisa alasiri faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na fundi wa jenereta, ambaye alikuwa mahabusu kwa siku ya nne, angesomewa shitaka la kuua kwa uzembe.

Kwenye karatasi, kesi ilikuwa nyepesi. Mzee wa miaka sitini na minane, mpima ardhi mstaafu, alikutwa amekufa kitandani ndani ya gari-nyumba lake, madirisha yote yamefungwa. Daktari aliandika kaboni monoksidi, ile hewa ya moshi isiyo na rangi wala harufu, inayomchukua mtu usingizini bila kumwomba ruhusa. Nje, chini ya turubai, kulikuwa na jenereta ndogo ya kubeba kwa mkono, tangi lake kavu. Siku tatu kabla ya hapo fundi alikuwa amebadilisha gasketi ya ekzosi, kile kizibo kinachozuia moshi usivuje kwenye bomba lake. Mkaguzi wa mitambo wa kituo aliifungua jenereta, akaandika mstari mmoja: ekzosi inavuja.

Inspekta alikuwa amempigia mkaguzi huyo simu alfajiri.

"Ulifungua nati kabla ya kupiga picha au baada?"

"Kabla, Afande. Nilitaka kuona ndani."

"Na baada ya kufungua, ulijuaje kwamba ilikuwa inavuja ilipokuwa imefungwa?"

Mkaguzi alikohoa, akasema atamrudia. Hakumrudia.

Kwa hiyo ushahidi wa ekzosi ulikuwa umeharibiwa na mikono ya serikali yenyewe, na hakuna jaribio lolote ambalo sasa lingesema kama gasketi ilikuwa nzima au mbovu. Fundi alikuwa na neno lake tu. Alilisema asubuhi hiyo nyuma ya nondo, bila kupaza sauti, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi.

"Nilimwambia kwa mdomo wangu huu, ekzosi iangalie mbali na gari. Mzee akanicheka. Akaniambia, 'Kijana, mimi nimepima nusu ya nchi hii kabla hujazaliwa.' Akatoa futi yake, akapima mwenyewe mahali pa kuiweka. Afande, yule si mtu wa kuweka kitu ovyo."

"Kuna mtu aliyekusikia ukimwambia?"

"Tulikuwa wawili. Mmoja amekufa."

*

Msimamizi wa kambi alikuwa mtu wa maneno mengi aliyekaa muda mrefu bila msikilizaji, na alipomwona Inspekta alimpokea kama mgeni wa harusi. Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba.

"Umeme wa kambi tunakata msimu ukiisha," alisema wakitembea. "Anayetaka kubaki abaki na jenereta yake. Wengi huondoka. Mzee Futi akabaki."

"Mzee Futi?"

"Tulimwita hivyo. Mimi sisemi watu, ila yule mzee alikuwa na ugonjwa. Alinipimia nafasi zote arobaini. Akaja ofisini kuniambia namba kumi na saba imepungua sentimita tisa. Sasa mimi nikafanye nini na sentimita tisa, nikazishone?"

"Mligombana?"

"Nilimwandikia barua."

"Ya nini?"

Msimamizi alipunguza mwendo. "Ya kelele za jenereta. Lakini ilikuwa kwa ajili ya sentimita, nikubali tu. Nilitaka na yeye akose raha kidogo."

Inspekta alisimama. Mtu aliyechukizwa, mwenye funguo za kambi nzima, anayeweza kuingia nafasi yoyote mchana kweupe bila kuulizwa: kesi nyingi zimefungwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

"Siku ile ya Alhamisi mchana ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa meno, mjini." Alifungua mdomo kuonyesha pengo, kisha akatoa kadi yenye muhuri wa kliniki na saa: aliingia saa sita, akatoka saa kumi na robo. "Nilirudi nimekufa ganzi uso mzima. Sikuweza hata kunywa maji. Nikalala."

"Na Ijumaa asubuhi wewe ndiye uliyemkuta."

"Mimi. Lakini nilitumwa. Yule mama wa kumi na mbili alinijia saa moja kasoro, hana hata kitambaa kichwani. Akaniambia, 'Kamtazame jirani, hajafungua pazia, na yeye saa kumi na mbili na nusu huwa ameshafungua.'"

"Hakwenda kugonga mwenyewe?"

"Alisema hamjui, ataona haya."

Inspekta aliandika saa hiyo kwenye daftari lake. Watu wawili wamekutana kambini kwa wiki moja, wanasalimiana tu, na mmoja anajua mwenzake hufungua pazia dakika ngapi.

*

Kati ya magari hayo mawili kulikuwa na nyasi, hatua kama kumi na tano. Inspekta alichuchumaa mahali ilipokuwa jenereta. Alama za miguu minne ya mpira zilikuwa zimedidimia vizuri, na pembeni yake kulikuwa na alama nyingine nne, hafifu, zilizopishana na zile za kwanza kwa upana wa kiganja.

Kisha akazitazama nyasi. Upande wa kumi na mbili, mbele ya pale ekzosi ilipokuwa ikipumulia, nyasi zilikuwa zimeungua na kukauka kwa kipande kikubwa, kazi ya siku nyingi. Upande wa kumi na moja, upande wa marehemu, kulikuwa na kipande kingine, kidogo, cha manjano tu. Hicho kilikuwa kazi ya mchana mmoja.

Alilala kifudifudi, akatazama chini ya gari la marehemu. Sakafuni, chini ya jiko, kulikuwa na tundu la mviringo lenye wavu. Kila gari-nyumba lenye jiko la gesi lina tundu la namna hiyo, ili gesi ikivuja ishuke nje isikae ndani. Tundu halichagui kinachopita. Kinachoweza kutoka kinaweza pia kuingia.

"Afande," ilisema sauti juu yake, "mtu amekufa, na wewe unapima nyasi."

Alikuwa binti wa marehemu, amesimama kwenye ngazi ya gari na boksi la vitabu mikononi. Tangu jana alikuwa akifungasha vitu vya baba yake. Ndiye aliyefungua kesi, na ndiye aliyekuwa akipiga simu kituoni kila asubuhi kuuliza kama fundi bado yuko ndani.

"Jenereta iligeuzwa," Inspekta alisema, akijipangusa magoti. "Siku zote ekzosi ilitazama kule. Siku ya mwisho ilitazama huku."

"Basi fundi aliigeuza."

"Fundi alikuja Jumatatu. Baba yako amekufa Alhamisi."

"Kwa hiyo unataka kuniambia baba yangu alijigeuzia moshi mwenyewe? Mtu aliyekuwa akipima chai kwa kijiko cha dawa?" Aliweka boksi chini. "Miaka miwili tangu mama afariki, anazunguka peke yake na kopo hili. Kila Jumapili ananipigia, 'Niko peke yangu, niko salama, usijali.' Nikimwambia njoo ukae kwangu, anacheka. Amekufa peke yake, hakuna hata wa kumgongea mlango. Halafu nisimtafute aliyefanya hivyo?"

 Inspekta pia alikuwa na mtoto mmoja, yuko mbali, na simu zao zilikuwa za Jumapili. Aliona afadhali kufanya kazi.

"Alikuwa na kifaa cha kuonyesha njia?"

"GPS? Nilimnunulia mimi, ili asipotee."

"Naomba niione. Na futi yake."

*

GPS za magari-nyumba si kama zile za magari madogo. Kabla haijakuonyesha njia, inakuuliza gari lako lina urefu gani, uzito gani, na kimo gani kutoka chini hadi juu ya paa, ili isikupeleke chini ya daraja litakalokukata kichwa. Ukiidanganya, utalipia mwenyewe.

Inspekta alikaa kwenye kiti cha dereva, akaiwasha, akafungua historia ya safari. Safari ya mwisho ilitoka mjini hadi kambini. Njia fupi ilikuwa ile inayovuka reli, kilomita thelathini, chini ya daraja ambalo yeye mwenyewe alikuwa amepita asubuhi hiyo, lenye kibao cha manjano: mita mbili na sentimita themanini. Mzee hakuipita. Alikuwa amezunguka milimani, kilomita themanini na nne.

Akarudi nyuma. Mwezi uliopita, vivyo hivyo: alikwepa njia inayopita chini ya daraja la mfereji. Mwaka jana, mara sita, mara saba. Miaka miwili mzee huyu alikuwa akizunguka kila daraja kama mtu anayekwepa wadeni.

Alifungua ukurasa wa vipimo vya gari. Kimo: mita 3.12.

Alitoka nje na futi. Msimamizi alishika ngazi, akiongea. Inspekta alipima gari la marehemu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Mita mbili na sentimita hamsini na nane. Lingepita chini ya daraja la reli na nafasi ya kubaki.

"Amekosea," msimamizi alisema kwa furaha. "Mzee Futi amekosea! Zaidi ya nusu mita! Na alinisumbua kwa sentimita tisa!"

Inspekta alikunja futi polepole. Mpima ardhi anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Anaweza kukosea nyumba ya rafiki yake. Lakini hawezi kukosea kimo cha gari lake kwa sentimita hamsini na nne na kuishi na kosa hilo miaka miwili. Kama ameandika tatu na kumi na mbili, basi alipima kitu chenye tatu na kumi na mbili.

Alitazama ng'ambo ya nyasi. Gari la mkunga lilikuwa refu, la zamani, lenye tangi la maji juu ya paa.

"Lete ngazi," alisema.

Pazia la dirisha la kumi na mbili lilisogea kidogo walipokuwa wakiegemeza ngazi, kisha likatulia. Inspekta alipanda, akashusha futi kutoka juu ya tangi hadi ardhini, akasoma. Hakumwambia msimamizi namba aliyoiona. Alishuka, akamwomba aende ofisini akangoje huko, na msimamizi alikwenda kama mtu aliyenyimwa pilau.

Kabla ya kugonga alimpigia mwendesha mashtaka. Alimweleza nyasi, tundu, alama za miguu.

"Nyasi hazitoi ushahidi mahakamani, Inspekta," alisema yule bwana, na sauti yake ilionyesha kwamba anatafuna. "Nina ripoti ya mkaguzi inayosema ekzosi inavuja. Wewe niletee mtu mwenye mdomo aliyeona jenereta ikigeuzwa. Usipomleta kabla ya saa tisa, fundi anapanda kizimbani."

Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

*

"Karibu, mwanangu," mkunga alisema, ingawa Inspekta alikuwa na mvi kama zake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa safi na kucha zilizokatwa karibu kabisa na nyama. Ndani palikuwa pasafi hadi panatisha. Jiko dogo lilikuwa limetulizwa kwa vijiti vya mbao vilivyosukumwa chini yake, na kila kijiti kiliandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu wa michoro: mm 4, mm 6.

"Nimekuja kuhakikisha maelezo yako, mama. Marehemu ulimfahamu lini?"

"Hapa hapa. Wiki ile. Habari za asubuhi, habari za jioni, basi."

"Alhamisi mchana ulikuwa wapi?"

"Kwa dada yangu. Ng'ambo ya reli."

"Ulikwenda na gari hili?"

"Ninalo jingine? Nilikwenda nalo, nikapita darajani, nusu saa nikafika. Nikarudi jioni."

"Daraja la reli?"

"Lipo jingine?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kwa kilomita hamsini na nne.

"Mama," Inspekta alisema, "lile daraja lina mita mbili na themanini. Gari lako nimelipima sasa hivi. Lina tatu na kumi na mbili. Ungepita pale, tangi lako la maji lingekuwa limelala barabarani."

Mkunga alichukua kitambaa, akaifuta meza iliyokuwa kavu.

"Labda nilipita njia nyingine. Mimi njia sizijui vizuri."

"Najua huzijui. Alikuwa anazijua yeye." Inspekta aliiweka GPS ya marehemu mezani, skrini ikimtazama mama. "Gari lake ni fupi. Linapita popote. Lakini humu aliandika kimo cha gari lako. Si leo, wala si wiki iliyopita. Tangu miaka miwili iliyopita. Alikuwa anatangulia, na wewe unafuata, na yeye anazunguka milima mizima ili wewe usikwame. Nimekosea?"

Kitambaa kilisimama. Mkunga aliitazama ile namba kwenye skrini muda mrefu, na Inspekta akaelewa kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona.

"Aliniambia gari lake ndilo refu," mama alisema. "Kila tukizunguka nilikuwa namlaumu. Namwambia, 'Gari lako hili litatuzeesha barabarani.' Anacheka tu."

Alikaa. Uso wake haukubadilika, lakini machozi yalikuwa yameanza, na hakuyafuta.

"Nina watoto watatu wa kiume. Wanajua natembea kwa dada zangu. Bibi wa miaka sitini na mitano, mjane, anazunguka na mwanaume asiye mume wake, unadhani wangenielewa? Tulikuwa tunajiandikisha mbalimbali kila kambi. Kila mtu na gari lake, kila mtu na mlango wake. Tukifika mahali tunajifanya tunajuana hapo hapo. Mwanzoni ilikuwa mchezo, tulicheka sana."

"Niambie Alhamisi."

"Hujaniuliza kama ninaweza."

"Kuna mtu yuko ndani kwa siku ya nne, mama. Ana mke anayemletea chakula na kurudi nacho hakijaguswa. Saa tisa atashtakiwa kwamba gasketi yake ndiyo iliyoua. Ni saa saba na nusu."

Mkunga alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuinua mzigo.

"Jenereta yake ilikuwa inapiga kelele upande wa ekzosi, na ekzosi ilinitazama mimi. Siku zote. Sikuwahi kusema. Alhamisi niliamka na kichwa kinaniuma. Tukala mchana pale nje, naye anaeleza habari za sentimita za namba kumi na saba, na kile kitu kinanguruma, nikashindwa. Nikamwambia." Alikunja kitambaa. "Wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nikamwambia, 'Ningekuwa na akili ningekaa peke yangu, angalau ningesikia ndege.'"

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Alikusanya sahani, akaziosha. Nikaingia humu, nikafunga mlango. Nikamwona kwa dirisha. Alilowesha kidole, akakiinua juu, akapima upepo. Upepo ulikuwa unakwenda kule ziwani, unaupeleka moshi mbali na magari yetu. Akaishika jenereta kwa mpini, akaigeuza, ekzosi ikamtazama yeye. Waya wake ulikuwa mfupi, hakuweza kuisogeza mbali. Akafunga madirisha yake ya upande ule. Akatazama huku, lakini mimi nilikuwa nyuma ya pazia, sikutoka."

"Halafu?"

"Halafu mvua ikanyesha, na upepo ukafa. Akatoka akashusha turubai juu ya jenereta isilowe, akarudi ndani akafunga na yale madirisha mengine. Huwa analala kidogo mchana." Aliligeukia lile dirisha. "Kelele zilipungua sana. Nikalala, mwanangu. Nililala vizuri kuliko siku zote. Nilipoamka ilikuwa saa kumi na moja na nusu, nikasikia jenereta inakohoa, inazima. Kumbe petroli imekwisha. Mimi nikadhani amezima kwa ajili yangu. Nikasema moyoni, aje mwenyewe aombe radhi. Kwa kuwa siku zote yeye ndiye anayekuja kwanza."

Inspekta aliacha kuandika.

"Sikwenda," mama alisema. "Mpaka asubuhi sikwenda. Na asubuhi nikamtuma mtu. Miaka thelathini na minne nimepokea watu wakiingia duniani kwa mikono hii. Huyu nimemtoa kwa mdomo."

"Hukumtoa wewe. Imemtoa mvua, na tundu la sakafuni alilolisahau."

"Hayo waandikie mahakama. Mimi nayajua ninayoyajua."

 Inspekta aligeuza ukurasa mpya, akaandika maelezo mstari kwa mstari, akayasoma kwa sauti, akaigeuza karatasi na kumpa kalamu. Mama aliitazama ile kalamu bila kuigusa.

"Nikitia sahihi, wanangu watajua."

"Watajua."

"Na yule binti wake?"

"Atasoma kila neno."

Mkunga alifunga kitambaa kichwani, akakikaza vizuri mbele ya kioo kidogo cha juu ya jiko. "Basi asisome," alisema. "Asisomeshwe karatasi kwa habari za baba yake. Nitie sahihi huko, mbele yake."

*

Walivuka nyasi pamoja. Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, maboksi yamefungwa pembeni yake. Mkunga alisimama hatua mbili mbele yake na kumweleza yote, amesimama wima, mikono ameishikanisha, kama zamani alivyokuwa akiwaeleza ndugu kwenye korido ya hospitali habari ambazo hazikuwa nzuri. Hakujitetea mahali popote. Sentensi ile ya ndege aliisema kama alivyoisema.

Binti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama, na Inspekta akasogea karibu kidogo, kwa tahadhari.

"Kila Jumapili," binti alisema, "kila Jumapili aliniambia yuko peke yake."

"Alitaka kukwambia. Mimi nilimkataza. Nilikuwa naona haya."

"Miaka miwili silali. Kila mvua ikinyesha nasema baba yuko wapi, nani atajua akianguka. Mngeniambia."

"Tungekwambia. Kweli, mwanangu, tungekwambia."

 Mkunga aliinama, akaiweka karatasi juu ya boksi la vitabu, akatia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kujaza vyeti vya kuzaliwa, akamrudishia Inspekta kalamu. Inspekta alitazama saa yake: saa nane na dakika tano. Alikwenda pembeni, karibu na nguzo ya umeme uliokatwa, akapiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa mwendesha mashtaka, na ilikuwa fupi. Ya pili ilikuwa ya kituoni.

"Mwite mke wa fundi," alisema. "Hapana, usimwambie kwa simu. Mwambie aje, na asilete chakula."

Alipogeuka, binti alikuwa amekaa tena kwenye ngazi, lakini amesogea upande mmoja, na mkunga amekaa nafasi iliyobaki. Hawakuwa wametazamana. Inspekta alisimama alipokuwa, faili kwapani, kwa sababu hakutaka viatu vyake visikike.

"Alikuwa anakula?" binti aliuliza.

"Alikuwa anakula. Chumvi nilimpunguzia, akanuna wiki nzima."

"Na kile kikohozi?"

"Kiliisha tangu mwaka jana."

Binti alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu anayepokea vitu kimoja kimoja na kuviweka mahali pake. Akajifuta uso kwa mkono wa blauzi. Mbele yao zilikuwa zile nafasi thelathini na nane tupu, namba zake nyeupe zikififia, na zaidi ya hapo barabara ya kutokea.

"Sasa wewe utakwenda wapi?" aliuliza.

Mkunga aliitazama barabara hiyo.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Mimi nilikuwa namfuata tu."